Makofi ya Mama katika Bunge la Beni

Mama aliingia bungeni kwa barua iliyoletwa na pikipiki. Ilikuwa wakati ule wa vita ambapo Beni ilikuwa na serikali yake yenyewe, na serikali ile, baada ya kupata jeshi na mihuri, ilitaka kupata na bunge. Hakuna aliyepiga kura. Wakubwa wa Beni waliandika orodha: wazee wa vijiji, wafanyabiashara, wachungaji wawili, mwalimu mmoja mstaafu, na kwa upande wa wanawake wakamwandika mama yangu, aliyekuwa msimamizi wa chama cha wamama katika kanisa letu la Butembo. Barua ilisema kwamba ameteuliwa. Haikuuliza kama anakubali.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaikunja kwa uangalifu kama daftari la mwanafunzi aliyefaulu.

"Onorable," alimwambia Mama, kwa neno la Kifaransa ambalo watu wa kwetu huwaitia wabunge, "sombe yako inaungua."

Na kweli ilikuwa inaungua. Tulikula majani ya muhogo yenye harufu ya moshi jioni ile. Kukataa nako kungekuwa jibu, na siku zile watu walikuwa wakipelekewa wageni wenye bunduki usiku kwa majibu madogo kuliko hilo. Mchungaji alisema ni afadhali aketi pale mtu anayemwogopa Mungu. Rafiki ya Mama wa tangu utoto, muuza maharagwe ambaye mimi nilimwita mama mukubwa, alisema kwa ufupi zaidi: "Enda. Utabaambia namna tunaishi."

Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya siasa, akiwa na vitenge viwili vya heshima na kadi yenye picha ambayo ndani yake anaonekana kama mtu aliyeamshwa.

Sasa watu wakiniuliza kuhusu mbunge, akili yangu hainipeleki kwenye magari. Inanipeleka kwenye matope. Bunge la Beni lilikutana ndani ya ghala la zamani la kahawa. Wabunge walikaa kwenye viti vya plastiki, na rais wa bunge alikaa kwenye kochi lililoletwa kutoka nyumbani kwake, kochi la rangi ya divai, lililozama katikati. Mama aliporudi kutoka kikao, nguo zake zilikuwa na harufu ya magunia, harufu tamu na kavu, na mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba hiyo ndiyo harufu ya sheria.

Bunge halikumlisha mtu. Siku ambazo hakukuwa na kikao, Mama alikwenda shambani kama wenzake. Mashamba yetu yalikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, na kwa sababu ya watu wenye silaha waliokuwa wakizunguka kule chini, hakuna mwanamke aliyekwenda peke yake. Wamama walikutana kwenye njia panda karibu na mikaratusi, alfajiri, wakati ukungu wa Butembo bado umelala juu ya mabati. Walisubiriana. Aliyechelewa alisubiriwa na kutukanwa kidogo. Kisha walishuka wote pamoja, thelathini, arobaini, vikapu vikiwa mgongoni na kamba kwenye paji la uso, wakiongea kwa sauti kubwa makusudi ili yeyote aliyejificha asikie kwamba wao ni wengi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na wakati mwingine nilikwenda nao. Sijawahi kujisikia salama popote kama katikati ya kelele zile.

Mchana walipopanda kurudi na mazao, walipita barrière darajani. Ilikuwa mwanzi mmoja tu uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari. Askari wale walichukua walichotaka: leo maharagwe, kesho kuku, kesho kutwa kitenge ulichojifunika. Kwa hiyo wakubwa wa Beni walipoleta sheria ya mkebe, waliieleza kama msaada. Kila mwanamke anayerudi na mazao ataacha mkebe mmoja kwa ajili ya jeshi, basi, na hataguswa tena. Kwa masikio ya mtu aliyeketi ndani ya ghala, jambo hilo lilisikika kama huruma.

Mama alisimama akalipinga. Najua alichosema kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikia hotuba ile, yeye akinitajia huku akichambua mchele. Alisema mambo mawili. Kwamba kinachochukuliwa kwa bunduki kitakoma siku bunduki itakapoondoka, lakini kilichoandikwa kitabaki hata askari hawa wakienda kwao. Na kwamba sheria inasema mkebe mmoja, lakini haisemi mkebe wa ukubwa gani.

"Mama, mukebe ni mukebe," mbunge mmoja alimwambia, na wengine wakacheka.

Baada yake rais wa bunge alizungumza muda mrefu kuhusu umoja, kuhusu vijana wanaotulinda, kuhusu akina mama kuwa moyo wa nchi. Alipomaliza alisema aksanti, akakaa, kochi likamzamisha. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kilitoka hapa. Kwetu, katika vikao vya wamama kanisani, mtu akimaliza kusema hupigiwa makofi. Haijalishi amesema nini. Aliyesema upuuzi hupigiwa, aliyewalaumu wote hupigiwa pia. Ni wasingya ya mikono, yaani, kwa Kinande chetu, asante ambayo haihitaji mdomo. Kumwacha mtu akae chini katika ukimya ni kumfukuza. Mama alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, makofi matatu, kiganja juu ya kiganja, bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa miguu kabla ya kuingia ndani.

Rais wa bunge alimgeukia karani akasema: "Andika, par acclamation." Maana yake, kwa makofi. Mama alielewa kwamba sasa ndipo watapiga kura, na kwamba kura itakuwa ya makofi. Akaificha mikono yake yote miwili chini ya kitenge, akaibana kwa mapaja, ili isije ikajisahau. Akasubiri hivyo. Wakaanza kujadili habari ya kununua viti vingine, yeye bado anasubiri. Kikao kikafungwa, na mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Redio ya mji ilitangaza siku iliyofuata: sheria ya mkebe imepita kwa makofi ya wabunge wote, bila hata mmoja kupinga. Walisoma majina. La Mama lilikuwa la mwisho.

Alfajiri ya kesho yake tulifika njia panda, mimi na yeye, na hapakuwa na mtu. Ukungu tu, na nyayo mbichi nyingi kwenye udongo zikielekea bondeni. Mama alizitazama. Kisha akaketi juu ya kikapu chake kilichopinduliwa.

"Tumechelewa?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema. "Wamewahi."

Tulirudi nyumbani. Siku ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Maharagwe yetu yalikuwa yamekauka kule chini, maganda yanapasuka, yanamwagika yenyewe ardhini. Mama hakuweza kushuka peke yake, na wale aliokuwa akishuka nao walikuwa wakiondoka kabla ya jogoo ili wasimkute. Siku ya nne alikwenda sokoni, moja kwa moja kwenye meza ya mama mukubwa. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Bonjour, Onorable," mama mukubwa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe yake. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Siku zote alimwita kwa jina la utotoni, ambalo mimi sikuruhusiwa kulitaja.

"Nilisema pale. Nilipinga. Mutoto huyu ndiye aliandika."

"Ulipiga makofi ao hukupiga?"

"Nilipiga, mais hapana juu ya sheria. Nilipiga juu ya mutu kumaliza kusema. Unajua vile tunafanyaka."

"Mimi najua vile tunafanyaka kanisani. Kule Beni ni kanisa?"

Mama aliokota haragwe lililoanguka, akalirudisha mezani.

"Jana askari alinionyesha mukebe yake," mama mukubwa aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia hali ya hewa. "Ni ile ya mafuta. Kubwa, sawa kichwa ya mutoto. Nikamuuliza, juu ya nini kubwa vile? Akanijibu: bamama benyewe balikubali, hata Onorable yenu. Donc, unataka niseme nini kwa bale bengine? Wewe niambie, nitasema."

Tuliporudi alikaa jikoni bila kuvua viatu, na Baba, ambaye alikuwa anasahihisha daftari, alimtazama juu ya miwani. Nadhani ndiye mtu wa kwanza aliyefikiria habari ya hati. Alisema kwamba kila kikao kina hati yake, PV, na kwamba PV husomwa mwanzoni mwa kikao kinachofuata kabla ya kukubaliwa. Mpaka hapo si kitu bado. Mtu aliyekuwepo anaweza kuomba isahihishwe. Ikishakubaliwa, imekwisha, hata malaika haigusi.

"Kikao kingine ni lini?" aliuliza.

"Kesho, saa nne."

"Basi, Onorable, pumzika. Kesho utakuwa na wanafunzi wabishi."

Mama aliniomba nimsindikize kwa sababu ya mwandiko wangu. Wake ulikuwa wa mtu aliyetolewa shuleni akiwa ndiyo anaanza kuipenda.

Kulipopambazuka tulipanda lori lililotoka Lubero na vitunguu na kabichi. Mama aliketi juu ya magunia katika kitenge chake cha kikao, ameshika viatu mkononi. Barabara ya Butembo kwenda Beni si ndefu. Lakini miaka ile ilikuwa imeoza, na mvua ilikuwa imenyesha. Maboya tulipita salama. Kabasha, kwenye mteremko, lori liliingia kwenye shimo hadi vyuma vikagusa udongo, likainama kidogo kama ng'ombe anayetaka kulala, likazima. Dereva alishuka, akalizunguka, akaketi pembeni na kuanza kula kitunguu kibichi.

"Itachukua muda gani?" Mama alimuuliza.

"Mama, hii shimo iko na wenyewe. Tunangoja bakuje na majembe yabo."

Hatukuwangoja vijana hao wa kulipwa; tukashuka kwa miguu. Nakumbuka jinsi hewa ilivyobadilika kadiri tulivyoteremka, baridi ya kwetu ikibaki nyuma yetu milimani, joto la Beni likipanda kutupokea. Mama hakulalamika wala hakuomba kwa sauti. Alitembea tu, na matope yalipanda kutoka vifundoni hadi magotini. Mara moja alisema, kana kwamba tulikuwa tukizungumza: "Maganda yamepasuka yote sasa." Karibu na bondeni pickup ya misheni ilituchukua.

Tuliingia ghalani wakati karani akisoma ukurasa wa mwisho. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya mafua, na alisoma bila kupumzika kwenye nukta. Nilikaa kwenye benchi la wageni karibu na mlango, pale ambapo askari wawili walikuwa wameegemea ukuta. Mama alikwenda kwenye kiti chake na matope yake. Watu walimpisha kwa kuvuta miguu.

"Kuna mutu iko na observation juu ya PV?" rais wa bunge aliuliza.

"Iko hapa, Prezida."

Alimtazama magoti, kisha uso. "Sema, Onorable."

"PV inasema nilipiga makofi juu ya sheria ya mukebe. Ni kweli nilipiga. Mais nilipiga juu ya hotuba yako."

"Donc hotuba ilikupendeza."

"Ilikuwa murefu. Kwetu mutu akimaliza, tunamushukuru kumaliza."

Ghala lote lilicheka. Hata askari mmoja pale mlangoni alicheka, ingawa nadhani hakuelewa. Rais wa bunge alicheka pia, akapangusa paji la uso kwa kitambaa.

"Hotuba yangu ilisema nini? Ilisema sheria ipite. Ukishukuru hotuba, umeshukuru sheria."

"Hapana. Ningekuwa nashukuru sheria, ningesimama."

Hapo mzee mmoja kutoka Kayna aliinua fimbo yake. Alikuwa na koti zito la mvua ambalo hakulivua hata kwa joto lile. "Prezida, mimi pia," alisema. "Kama ni vile, mimi pia nilipiga juu ya adabu. Niliona bote banapiga."

"Na mimi," akasema mwalimu mstaafu kwa upole.

"Mimi nilikuwa nimelala," mtu wa nyuma alisema. "Makofi ndiyo iliniamusha, nikapiga." Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa tofauti, kilikuwa na pumzi ndani yake. Sauti ya nne ikasema na mimi, na ya tano. Nilisahau uchovu. Niliona jambo ambalo Mama naye, nadhani, alikuwa ndiyo kwanza analiona: kwamba ghala lile lilikuwa limejaa watu wa kwetu, waliolelewa kwa mikono ileile, na kwamba huenda sheria ya mkebe ilipitishwa na adabu peke yake.

Rais wa bunge aliliona pia. Hakukasirika. Aliinua kiganja, akasubiri kimya, kisha akasema kwa sauti ya urafiki kabisa kwamba bunge linaheshimu kila mtu. Anayetaka PV isahihishwe aandike kwenye karatasi, aweke jina lake, kijiji chake na sahihi, ampe karani kabla ya saa sita. Karatasi hizo zitapelekwa kwa mkubwa wa jeshi, kwa sababu jambo hili linahusu chakula cha jeshi. "Sawa?" alisema. "Twende mbele."

Askari mmoja alihama kutoka ukutani akasimama wima.

Mzee wa Kayna aliteremsha fimbo. Mwalimu mstaafu alianza kufuta miwani yake, na aliifuta muda mrefu sana. Sikumchukia hata mmoja wao siku ile, na leo siwachukii. Kila mmoja alikuwa na kijiji, na kijiji kina njia inayoingia, na njia ina barrière.

Mama alinijia kwenye benchi la nyuma. "Andika," alisema. Niliandika juu ya goti langu, kwa mwandiko wangu mzuri, jina lake na mtaa wetu. Aliponitajia mtaa, nilisita, kalamu ikasimama. "Andika," alisema tena, bila ukali, kama mtu anayemhimiza mtoto amalize uji. Akatia sahihi.

Karani aliipokea, akaisoma, akakuna sikio. Alimweleza Mama kwa sauti ya chini, akipenga kamasi kati ya maneno, kwamba hawezi kumwandika kama aliyepinga. Kupinga ni lazima kusemwe wakati wa kura. Mama alisema hakuona wakati wa kura. Karani akasema naye hakuuona, lakini hilo haliandikiki. Alichoweza kuandika ni hiki: sheria imepita kwa makofi, abstention moja, yaani mtu mmoja hakupiga kura upande wowote. Jina lake litakaa pembeni ya neno hilo.

"Nilisimama nikasema sitaki," Mama alisema. "Uliandika hotuba yangu, iko mule ndani."

"Hotuba ni hotuba, mama. Kura ni kura."

Alimtazama kijana yule. Matope yalikuwa yamekauka miguuni pake na kuanza kupasuka. Nilijua anatafuta nguvu ya kubishana, na nilijua, kwa namna alivyoteremsha mabega, kwamba aliitumia yote Kabasha.

"Andika hivyo," alisema. "Nipe na kopi."

Mama aliendelea kuwa mbunge kwa misimu mingine kadhaa ya mvua. Wageni ambao tulikuwa tukiwangoja hawakuja. Labda karatasi ilipotea mezani kwa mtu, labda ilionekana jambo dogo mno. Wakubwa wa Beni waligombana wenyewe kwa wenyewe, wakagawana jeshi, vikao vikawa haba, na mwishowe havikuitwa tena. Hakuna barua iliyokuja kusema imekwisha. Watu wengine bado walimwita Onorable hata baada ya vita, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchokoza, na yeye aliitikia yote kwa uso uleule.

Lakini siku ile, tuliporudi Butembo alasiri kwa lori jingine, hakupitia nyumbani. Alikwenda sokoni. Mama mukubwa alikuwa anakusanya magunia yake. Mama alimpa karatasi, na mama mukubwa, ambaye hakusoma Kifaransa, alinipa mimi nisome. Nilisoma mstari ule.

"Abstention ni nini kwa Kinande?" aliuliza.

Nilimtazama Mama. Alijaribu neno moja, akalikataa mwenyewe. Hatuna neno hilo. Kwa Kinande mtu anakubali, au anakataa, au hayupo.

"Ni mutu alikuwa pale," alisema mwishowe, "na hawakumusikia."

Mama mukubwa aliifikiria sentensi hiyo huku akifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akakaza fundo, akalipima kwa kidole.

"Na mukebe?"

"Mukebe iko vile iko."

"Ile ya mafuta?"

"Ile ya mafuta."

"Donc ulitembea mpaka Beni na ile matope yote, juu ya neno moja hata haiko na Kinande."

"Ndiyo."

Mama mukubwa alimtazama miguu. Aliitazama kwa muda, mpaka nikaona haya kwa niaba ya Mama. Kisha akamwita kwa lile jina la utotoni, taratibu, kama mtu anayejaribu kama kiti bado kinabeba.

"Maharagwe yako imemwangika yote kule chini," alisema. "Ile imebaki ni ya kuokota tu, moja moja. Kesho kuja mapema. Kama umechelewa, tutakutukana."